Nyumba ya magurudumu isipotaka kutulia

Mwambie jirani yako kwamba una ndugu anayefanya kazi ya uuguzi Marekani, halafu mtazame usoni. Utamwona akilijenga jumba kichwani mwake, lenye magari mawili mlangoni na nyasi zilizokatwa zikakatika. Sasa mwambie kwamba ndugu huyo anaishi ndani ya trela. Atanyamaza. Kwetu sisi trela ni lile dude linalobeba kontena kutoka Kilindini hadi Malaba, na binadamu wa pekee tunayemjua kulala karibu nalo ni utingo.

Kumbe Wamarekani wana trela za namna nyingine. Ni nyumba ndogo iliyojengwa juu ya chesisi, yenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu, nayo hukokotwa nyuma ya pikapu. Waingereza huiita karavani. Wengi huitumia siku za likizo, lakini wapo walioifanya makao yao, na miongoni mwao ni wauguzi wa mikataba. Hospitali iliyopungukiwa na watu humwajiri muuguzi kwa wiki 13 hivi, na mkataba ukiisha yeye hufunga virago akaenda mji mwingine, pengine jimbo jingine. Mwaka wa 2020 na 2021, korona ilipopamba moto, wauguzi wa aina hii walitafutwa kwa udi na uvumba. Sasa hebu fikiri: kila baada ya miezi mitatu utafute nyumba mpya, ulipe amana mpya, ununue kitanda kipya. Wengine wameona heri wafanye kama konokono, waende na nyumba yao mgongoni.

Mdogo wangu ni mmoja wao. Alisomea uuguzi hapa nyumbani, akaufanya ule mtihani wa leseni wa Marekani uitwao NCLEX, akapita, akaenda. Mwezi Machi mwaka wa 2023 alikuwa Amarillo, mji ulio kaskazini ya Texas, pamoja na mwanawe wa miaka minne. Mumewe alikuwa akimalizia masomo katika jimbo jingine. Basi shauri likawa kwamba Mama aende akae naye miezi sita, amtazame mjukuu wakati mama yake yuko kazini. Nami nikapewa jukumu la kumsindikiza na kukaa majuma matatu mpaka azoee.

Mama ni mtu wa Wundanyi. Ana miaka 71, na nyumba yake ya mawe imekaa juu ya mlima wa Taita tangu mimi sijazaliwa. Hajawahi kuiona ikisogea hata unywele.

Siku ya tatu, nikiwa napika chai, aliniita kando akasema kwa sauti ya chini ili binti yake asisikie: "Mwanangu, nirudishe kwangu. Nyumba hii inapumua."

Ilikuwa kweli. Mtoto akikimbia kutoka kitandani hadi jikoni, vikombe kabatini vililia. Mtu akijigeuza kitandani upande huu, aliyelala upande wa pili alijua. Mimi nilipoingia mlangoni, na mimi si mwembamba, Mama aliyekuwa ameketi kwenye kochi alishika meza kwa mikono miwili. Na upepo ulipovuma, lo! Amarillo huhesabiwa miongoni mwa miji yenye upepo mwingi zaidi nchini Marekani. Ni nchi tambarare, karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, isiyo na kilima wala msitu wa kuuvunja upepo nguvu. Usiku trela iliyumba kama feri ya Likoni siku bahari imechafuka.

Usidhani Mama alikuwa akideka. Ndani ya sikio la binadamu mna kiungo kinachopima mizani ya mwili. Ukiwa ndani ya chumba kinachotikisika, macho yanasema kuta zimetulia, lakini sikio linasema tunakwenda. Ubongo unashindwa kuamua ni nani mkweli, na anayelipa ni tumbo. Ndicho hicho kichefuchefu cha melini. Zaidi ya hayo, mtu wa miaka 71 akiamka usiku kwenda msalani, sakafu ikamcheza chini ya miguu, hofu yake ni kuanguka avunjike nyonga. Hofu hiyo si ya bure, maana nyonga ya mzee ikivunjika haiungi upesi.

Kwa upande wa pili alikuwako mdogo wangu. Zamu yake ilikuwa saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, saa 12 mfululizo, usiku tatu kwa wiki. Alirudi, akaoga, akalala mchana wakati mtoto yuko macho. Kila mtoto alipokimbia, kitanda kilimtikisa. Siku nyingine alipata usingizi wa saa tatu, halafu akarudi kwenye wodi ambako kuna dawa hupimwa kwa mikrogramu na nukta ikikaa mahali pasipo pake mgonjwa hupoteza maisha. Mama akiondoka, mtoto angebaki na nani usiku? Mkataba ungevunjwa. Mambo yote hayo, msomaji wangu, yalining'inia kwenye swali moja tu: je, trela iliyoegeshwa yaweza kutulizwa?

Aliyemuuzia trela hiyo alikuwa amemwambia ateremshe jeki nne za pembeni na kazi imekwisha. Naye alifanya hivyo. Hata aliongeza jeki nyingine mbili nyuma, za bei ghali, alipoona hali haibadiliki. Haikubadilika.

Jirani yetu pale kambini alikuwa mzee mmoja wa Kimarekani, dereva wa malori aliyestaafu, anayeishi katika trela miaka na miaka. Alimwona Mama ameketi nje kwenye kiti, amejifunga leso juu ya koti, amekataa kuingia ndani. Akaja kuuliza kama mama mkubwa anaumwa. Tulipomweleza hakucheka wala hakutoa hotuba. Aliniambia nisimame nje karibu na magurudumu, nimwite mtoto akimbie humo ndani kutoka upande huu hadi ule, na nitazame tairi tu.

Nikatazama. Tairi zilikuwa zikizunguka! Si sana, labda upana wa kidole, zikienda mbele na kurudi nyuma kila mtoto alipogeuka. Zile jeki za pembeni nazo zilikuwa zikifuatana nazo, miguu yake myembamba ikiinama huku na huku kama watu waliochoka kwenye foleni.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nadhani si watu wengi hulifikiria. Trela imetengenezwa ili iende. Ina springi kati ya ekseli na chesisi, ina tairi zilizojaa hewa, ina vipande vya mpira kwenye viungo, na vyote hivyo vimewekwa kwa makusudi ili barabara isiivunje nyumba vipande vipande. Sifa hizo njema za safarini ndizo ugonjwa wake ikisimama. Umeiegesha, lakini bado imeketi juu ya springi na hewa. Isitoshe, trela nyingi za Kimarekani hazina breki ya mkono kama ilivyo kwa karavani za Uingereza. Breki zake ni za umeme na hutawaliwa kutoka kwenye gari linaloikokota. Ukishalitenga gari, hakuna kinachoyazuia magurudumu ila kile utakachoyawekea mwenyewe.

Mtikisiko wenyewe ni wa namna tatu. Upo wa kwenda tezi na omo, yaani mbele na nyuma. Upo wa kuyumba ubavu kwa ubavu. Na upo wa kudunda juu na chini. Kila mmoja una dawa yake, na kosa la wauzaji ni kuuza dawa moja kwa maradhi yote matatu. Jeki za pembeni, zile zinazofunguka kama mkasi, husaidia sana kwa kuyumba na kidogo kwa kudunda. Kwa tezi na omo hazifui dafu. Sababu ni rahisi: mguu mrefu mwembamba wenye bawaba juu na chini hauwezi kuzuia kitu kinachousukuma kutoka kando. Unalala nacho.

Mzee yule alisema tuanze upya kabisa. Jambo la kwanza alilouliza halikuhusu jeki bali upepo. Pale Amarillo upepo wa majira hayo mara nyingi hutoka kusini na kusini-magharibi, na trela yetu ilikuwa imeupa ubavu. Piga hesabu mwenyewe: urefu wake futi 24, yaani mita saba na kitu, na kimo cha ukuta mita mbili na nusu. Hilo ni tanga la jahazi. Ukiigeuza uso wake uelekee upepo, tanga linakuwa la mita mbili na nusu tu kwa upana. Mdogo wangu akaenda kuongea na ofisi ya kambi, na kwa bahati palikuwa na kiwanja kimoja kilichoelekea kusini. Asubuhi iliyofuata akaunganisha pikapu na trela, tukahama hatua kama mia hivi. Mama alikataa kupanda garini. Alifuata nyuma kwa miguu, amemshika mjukuu mkono, mithili ya mtu anayesindikiza ng'ombe.

Kabla ya kuitenga trela na pikapu tulichukua pimamaji, kile kifaa cha waashi chenye kipovu cha hewa ndani ya kimiminiko, tukakiweka sakafuni kimekingama. Upande wa kushoto ulikuwa chini. Tukaweka mbao pana mbele ya tairi mbili za upande huo, pikapu ikavuta kidogo mpaka zote mbili zikapanda. Ubao lazima uwe mpana kuliko tairi na uibebe yote. Tairi ikining'inia nusu nje ya ubao inaumia. Kazi hii haifanywi kwa jeki. Kitabu cha maelezo kinachokuja na trela huonya waziwazi kwamba jeki za pembeni si za kuinulia nyumba bali za kuituliza. Anayeziinulia hupinda chesisi, milango ikaanza kugoma kufunga.

Kisha zikaja kabari. Utingo wetu wa Kenya anaijua kanuni hii kuliko mhandisi yeyote: lori likisimama mteremkoni yeye tayari ameruka na jiwe mkononi. Tuliweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya pande zote mbili, tukazigonga kwa nyundo zikaingia barabara, ndipo tukaitenga trela na gari. Wenye haraka hutenga kwanza wakatafuta kabari baadaye, na hadithi za trela zilizokimbilia mtoni huanzia hapo.

Lakini kabari za chini peke yake hazitoshi, kwa sababu tairi hubonyea na kupanda kidogo juu yake. Dawa yenyewe ya tezi na omo, ile iliyobadilisha maisha ya nyumba yetu, ni kifaa kinachoingia kati ya tairi mbili. Trela ya mdogo wangu ina ekseli mbili, kwa hiyo kila upande una tairi mbili zinazofuatana, na kati yake kuna nafasi kama ya kupitisha mkono. Kifaa hicho kina mikono iliyopishana, na ukikaza parafujo yake kwa spana kinapanuka, kikaisukuma tairi ya mbele iende mbele na ya nyuma iende nyuma. Zikishabanwa hivyo, hakuna itakayozunguka, kwa kuwa kila moja inaizuia mwenzake. Si ghali kama zile jeki zilizonunuliwa bure. Hukazwa mpaka kiwe imara, si mpaka tairi ilie, na baada ya siku moja au mbili hukazwa tena kwa kuwa hewa ndani ya tairi hunywea usiku wa baridi na kutanuka mchana wa jua. Kitu kimoja cha kukumbuka kuliko vyote ni kukiondoa kabla ya kuondoka. Mdogo wangu amefunga utepe mwekundu kwenye usukani wa pikapu kwa ajili hiyo.

Baadaye tukasawazisha mbele na nyuma kwa jeki kubwa iliyo kwenye ulimi wa trela, pale inapoungana na gari. Ulimi huo hubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela yetu na vyombo vyake ilikuwa kama tani tatu, kwa hiyo ni kilo 300 na zaidi zilizosimama hapo juu ya kijiguu kimoja. Tukakiwekea gogo pana chini.

Mzee alikuwa na ujanja wake hapa, nami nauandika ili usipotee. Aliteremsha ulimi chini kidogo kuliko usawa, hivi kwamba mkia wa trela ukainuka. Akateremsha jeki mbili za nyuma mpaka zikagusa mbao zake kwa nguvu. Halafu akaupandisha ulimi polepole hadi pimamaji ikasema sawa. Ulimi ulipopanda, mkia ulishuka na kuketi juu ya zile jeki za nyuma, zikawa zimebeba kitu badala ya kugusa ardhi kwa adabu tu. Mwisho akateremsha za mbele. Kumbuka kwamba tairi hazikuacha ardhi hata kidogo. Uzito wa nyumba lazima ubaki juu ya magurudumu.

Chini ya kila jeki tuliweka mbao mbili au tatu zilizopandana. Nilifikiri ni kwa ajili ya udongo laini, na kweli husaidia hapo pia, lakini sababu kubwa ni ufupi. Jeki iliyorefushwa hadi mwisho ni kijiti. Jeki iliyofunguka robo tu ni kisiki. Jaribu mwenyewe: shika fimbo ndefu ya ufagio uisukume ncha yake, kisha ushike kipande cha shubiri moja.

Mama, ambaye wakati huu wote alikuwa akitazama kwa mashaka, aliuliza swali ambalo hatukulitarajia. "Mbona mafiga ni matatu na hayachezi, nanyi mmeweka miguu minne?" Nikamtafsiria mzee. Akafurahi mno. Ni kweli, miguu mitatu hutulia popote pale, ilhali meza ya miguu minne hucheza mguu mmoja ukiwa mfupi. Ndiyo sababu baada ya kuteremsha jeki zote hurudi ukazigusa moja moja kwa mkono. Ipo siku zote moja iliyolegea, na kwetu ilikuwa ya mbele kulia.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Ngazi ya mlangoni ilikuwa imefungwa kwenye chesisi na kuning'inia hewani, kwa hiyo kila aliyeikanyaga aliivuta nyumba nzima. Tuliwekea kiguzo chini yake kikafika ardhini, na lile pigo la mgeni akiingia likaisha siku hiyo hiyo. Tangi la maji safi, la lita 150, tulilijaza. Lita moja ni kilo moja, na kilo 150 zilizo chini ya sakafu si haba. Pia kuna vyuma vya mshazari vya kufunga kati ya chesisi na mguu wa jeki, kama ule ubao seremala anaoupigilia pembe kwa pembe nyuma ya geti ili lisilale. Vinafanya kazi nzuri, ila mdogo wangu hakuvinunua kwani mfuko ulikuwa umechoka.

Jioni tuliweka glasi ya maji mezani, tukamwambia mtoto akimbie. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Maji yalitetemeka usoni kidogo, basi. Siku mbili kabla yangalimwagika.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa kama nyumba ya Wundanyi. Sakafu ya trela ni mbao nyembamba juu ya vyuma, nayo yenyewe hunesa mtu mzito akipita. Huo si mtikisiko wa magurudumu, na hakuna jeki duniani itakayouponya. Mdogo wangu alitandika zulia nene na kumfundisha mwanawe kwamba ndani ni mwendo wa paka. Alipotoka zamu Alhamisi ile alilala tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Alipoamka alitoka nje amejifunika blanketi, akaanza kuuliza kama kuna aliyekufa, mbona kimya.

Usiku wa upepo mkubwa ulifika siku yangu ya 10 pale. Niliusikia ukipiga mluzi kwenye mabomba ya paa tangu saa nne. Nililala kwenye kochi jicho moja wazi, nikimsubiri Mama aniite. Trela ilitetemeka, lakini haikuyumba. Karibu na saa tisa usiku nilimsikia akishuka kitandani kwake, akaenda msalani taratibu bila kushika ukuta, akarudi. Kisha nikamsikia akikoroma.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa sauti, hasa kwa walio na jamaa majimbo ya kati ya Marekani. Kuituliza trela si kuifunga ardhini. Vifaa vyote nilivyovitaja ni vya kuzuia kero, havizuii kimbunga. Kikitangazwa kimbunga cha tonado, na huko hutokea zaidi miezi ya masika yao, kuanzia Aprili hadi Juni, watu hutoka kwenye trela wakaingia katika jengo imara. Haijalishi umeweka kabari ngapi. Mdogo wangu alimwonyesha Mama jengo la kujihifadhi la kambi kabla hajamwonyesha jinsi ya kuwasha jiko, na wakalifanyia mazoezi ya mbio. Mama alishinda.

Labda wasema, haya ya Texas yanatuhusu nini sisi wa Umoja na Buruburu? Hebu tazama vibanda vya magurudumu vinavyouza chipsi na soseji kando ya vituo vya petroli. Hiyo ni trela iliyoegeshwa, na ndani yake mna sufuria ya mafuta yanayochemka na kijana anayegeuka huku na huku siku nzima. Nyingi zina ekseli moja na tairi mbili tu, hivyo kile kifaa cha katikati hakiingii. Lakini kabari za mbele na nyuma zaingia, mbao chini ya jeki zaingia, na kiguzo chini ya ngazi chaingia. Nimepita kwenye kibanda kimoja ambacho kona zake zimesimamishwa juu ya matofali yaliyopangwa kama mnara, na matofali yenyewe yana ufa. Nilinunua chipsi zangu nikiwa nimesimama mbali. Tofali hupasuka ghafla bila kuaga, ilhali ubao hulia kwanza. Na mtu asiingie kamwe chini ya trela iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota sarafu.

Mama alikaa miezi yake sita. Mkataba wa Amarillo ulipoisha walihamia Wichita, jimbo la Kansas, na mdogo wangu aniambia kwamba siku ile ya kuhama Mama ndiye aliyetangulia kushuka garini akiwa na pimamaji mkononi, akawaamuru wasitenge gari mpaka aone kabari. Walimaliza kazi yote kwa dakika 40. Siku ya pili alipita akikaza parafujo kwa spana kama fundi wa gereji, majirani wakitoka kumtazama.

Alirejea Wundanyi mwezi Septemba mwaka huo wa 2023. Pimamaji hiyo alikuja nayo, binti yake akanunua nyingine. Ameshapima nayo meza, kitanda na rafu za jikoni, na amegundua kwamba sebule ya nyumba yake ya mawe imeinama upande wa bondeni. Fundi ameitwa mara mbili.